Radio ya hospitali: namna gani picha ya ndani ya mwili inapatikana



Juma hili tunaongea juu ya radio. Si ile inayotoa habari na nyimbo wakati tunasonga bukari. Ni ile ya hospitali, ambayo munganga anaandika kwenye karatasi na kusema: "Mama, umpeleke mtoto apite radio." Katika mikutano yetu ya siku ya posho neno hilo limerudi mara nyingi. Mama mmoja alipewa karatasi ya namna hiyo kwa ajili ya mtoto wake wa miaka minne, aliyekuwa na kikohozi cha majuma mengi. Majirani wakamwambia kwamba mionzi itamchoma mtoto, itamkausha damu, na kwa kuwa ni msichana, hatazaa. Mama akakunja karatasi, akaiweka ndani ya pochi, na majuma matatu yakapita. Mama mwingine alilipa radio mara mbili kwa sababu picha ya kwanza iliharibika, na hakuna aliyemweleza sababu. Mmoja aliogopa, mwingine alipoteza feza zake, na sisi tunaona shida ni ileile: hakuna aliyekaa chini na kuwaeleza chombo kile kinafanya kazi gani. Basi leo tukae.

Jioni umeme ukikatika, na kwetu hilo halikosi, fanyeni jaribio hili pamoja na watoto. Washeni mshumaa mezani, mbele ya ukuta. Mtoto aweke mkono wake karibu kabisa na ukuta. Kivuli kinatoka na mipaka safi, vidole vinahesabika, na ukubwa wake unakaribia ule wa mkono wenyewe. Sasa arudishe mkono polepole upande wa mshumaa, bila kujiunguza. Kivuli kinavimba kama mkono wa jitu, na mipaka yake inafifia mpaka huwezi tena kujua kidole kinaishia wapi. Mwambieni autikise mkono kidogo: kivuli nacho kinavurugika.

Mkiisha kufanya hivyo, mmeshapata nusu ya somo. Radio ni kivuli, hakuna maajabu mengine. Tofauti ni kwamba mwanga wa mshumaa unakwama kwenye ngozi, lakini mionzi ya radio inapita ndani ya nyama, inazuiliwa kiasi na mfupa, na inazuiliwa karibu yote na chuma au risasi. Nyuma ya mgonjwa, pale ambapo kwetu pangekuwa ukuta, wanaweka filamu au bamba la kompyuta linalopokea kivuli hicho.

Aliyekiona kwanza kivuli cha namna hiyo ni mwalimu Mjerumani, Wilhelm Conrad Röntgen, katika mji wa Würzburg, tarehe 8 Novemba 1895, yaani miaka 15 mbele ya mji wetu huu kuanzishwa. Alikuwa akipitisha umeme ndani ya chupa iliyoondolewa hewa. Chupa ilikuwa imefunikwa na karatasi nzito nyeusi, chumba kilikuwa giza, na hata hivyo kioo kilichopakwa dawa, kilichokuwa mbali kidogo, kikaanza kung'aa. Hakujua ni mionzi gani, kwa hiyo akaiita X, kama vile sisi walimu tunavyoita X ile namba ambayo mtoto bado hajaipata katika hesabu. Tarehe 22 Desemba mwaka uleule alipiga picha ya mkono wa mke wake, Anna Bertha. Mifupa ilionekana, na pete kwenye kidole. Mwaka 1901 alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa, na hakutaka kuufunga uvumbuzi wake kwa hati ya kuuza. Kwa sababu hiyo hospitali za dunia nzima ziliweza kuutumia haraka.

Sasa tuingie ndani ya chupa yenyewe, kwa maana hapo kuna kitu cha kwetu. Upande mmoja kuna uzi mwembamba wa tungsteni, kama ule wa balbu ya zamani. Umeme unaupasha moto mpaka unawaka, na vipande vidogo sana vya umeme, vinavyoitwa elektroni, vinaanza kutoka juu yake kama mvuke juu ya sufuria. Halafu mashine inaweka nguvu kubwa ya umeme kati ya uzi na upande wa pili. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 220. Huku tunahesabu volti elfu 50, elfu 80, hata zaidi ya elfu 100. Elektroni zinarushwa kwa mwendo wa kutisha, zinagonga kipande cha chuma kilicho upande wa pili na kusimama ghafula. Katika kule kugonga ndipo mionzi ya X inazaliwa. Lakini ni kidogo sana: kati ya sehemu 100 za nguvu iliyotumika, karibu 99 zinageuka joto, na karibu moja tu inakuwa mionzi.

Joto hilo ndilo lililowasumbua mafundi. Kile kipande kinachogongwa ni tungsteni, kwa sababu haiyeyuki kabla ya kupita digri 3,400. Na katika mashine ndogo, kwa mfano zile za waganga wa meno, tungsteni hiyo imepachikwa ndani ya kipande kinene cha shaba, kwa sababu shaba inabeba joto upesi na kuliondoa. Katika mashine kubwa wanatumia sahani ya tungsteni inayozunguka mbio, ili isigongwe mahali pamoja, na mota inayoizungusha ina nyaya za shaba. Basi wamama wa Katanga, mkiambiwa kwamba radio ni kitu cha wazungu, kumbukeni kwamba bila shaba chupa ile isingefanya kazi, na shaba tunaijua tulikozaliwa.

Tukitaja Katanga, watu wanakumbuka jina lingine, na tunafikiri ndilo mama wa woga huu wote: Shinkolobwe. Pale karibu na Likasi, mwaka 1915, ulipatikana uraniumu. Tangu miaka ya 1920 mawe yake yalipelekwa Ubelgiji, katika kiwanda cha Olen, ili kutoa radiumu, na baadaye uraniumu wake ulitumika katika bomu la Hiroshima. Watu wetu wamekua wakisikia kwamba mawe yale yanatoa mionzi inayoua bila kuonekana. Hawakosei kuyaogopa. Jiwe la uraniumu halina swichi: linatoa mionzi mchana na usiku, ukilala na ukiamka, na vumbi lake likiingia mwilini linaendelea na kazi yake humo ndani.

Mashine ya radio ni kitu kingine. Hakuna jiwe ndani yake. Mionzi inazaliwa tu wakati umeme unapita, na kwa kawaida muda wenyewe ni sehemu ndogo ya sekunde, mfupi kuliko kufumba jicho. Fundi akiachilia kitufe, imekwisha. Haibaki ukutani, haibaki kwenye kitanda wala kwenye nguo, na mtoto aliyetoka kupigwa radio haambukizi mtu mionzi. Mama anayenyonyesha akipigwa radio ya kifua, maziwa yake hayaharibiki. Amnyonyeshe mtoto wake palepale kwenye banda la kungojea. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine inakuwa kama kabati. Shida inayobaki hapo ni ya mafuta ya jenereta.

Hatusemi kwamba mionzi hiyo haina ubaya wowote. Watu wa kwanza walioifanyia kazi, walioweka mikono yao mbele ya chupa kila siku ili kuona kama inafanya kazi, waliungua vidole, wengine walikatwa mikono, wengine walikufa kwa kansa. Ndiyo sababu leo fundi anasimama nyuma ya ukuta au kioo chenye risasi. Watu wengine wanakasirika: "Kama si hatari, kwa nini yeye anakimbia?" Ni swali zuri, na jibu lake ni hesabu. Wewe unapita mara moja, labda mara mbili kwa mwaka. Yeye anapiga picha siku nzima, mwaka baada ya mwaka, mpaka pensheni. Mpishi wa mkahawa anajikinga na moshi kuliko mteja anayekuja kula mara moja.

Na kipimo chenyewe ni kiasi gani? Kila mtu duniani anapokea mionzi ya asili kutoka udongoni, angani na hata katika chakula, kwa wastani milisiverti 2.4 kwa mwaka. Radio moja ya mapafu iliyopigwa vizuri inaleta mionzi inayolingana na siku chache tu za ile ya asili. Haikaushi damu. Haimfanyi msichana kuwa tasa. Skana ni habari nyingine: ile ya tumbo inaweza kuleta milisiverti karibu 10, yaani miaka kadhaa ya mionzi ya asili, na kwa hiyo haiombwi ovyo. Ekografi, ile ya wajawazito, haina mionzi hata kidogo. Inatumia sauti ambayo sikio halisikii.

Tuendelee na kazi ya fundi, kwa maana wengi wanafikiri anabonyeza kitufe tu.

Mmewaona watoto wakipiga maembe kwa mawe. Kuna mambo mawili: wanatupa mawe mangapi, na wanayatupa kwa nguvu gani. Fundi wa radio naye ana vipimo viwili kama hivyo. Cha kwanza, kilovolti, ni nguvu ya kurusha. Ikiwa ndogo, mionzi haina nguvu ya kupita ndani ya mwili mnene; inakwama humo, picha haipatikani na mgonjwa ameipokea bure. Ikiwa kubwa mno, inapita kila kitu bila kutofautisha nyama na mfupa, na picha inakuwa ya kijivu mahali pote, kama maji ya kuoshea sufuria. Kipimo cha pili, miliamperi zikizidishwa kwa muda, ni wingi wa mawe. Yakiwa machache, picha inatoka na madoadoa. Yakizidi, filamu inakuwa nyeusi kupita kiasi. Mkono wa mtoto hautaki kipimo cha kiuno cha baba yake mnene. Fundi anayetumia kipimo kimoja kwa wote, kama fundi wa nguo anayeshona libaya ya saizi moja kwa kartie nzima, si fundi.

Halafu kuna umbali. Ukisogea mbali mara mbili na chupa, mionzi inayokufikia haipungui kwa nusu, inabaki robo tu, kwa sababu imetawanyika juu na chini, kushoto na kuume. Sheria hiyohiyo inamlinda mama aliyesimama nje ya mlango. Kwa radio ya mapafu ya mtu mkubwa, chupa inawekwa mbali, karibu mita 1.80, na mgonjwa anasimama akigusa bamba kwa kifua, mgongo ukielekea mashine. Mnaona sababu? Rudini kwenye mshumaa. Moyo uko mbele ya kifua. Kifua kikigusa bamba, moyo uko karibu na "ukuta" na kivuli chake kinabaki na ukubwa wake. Mgonjwa akilazwa chali na mashine ikawa juu yake karibu, moyo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo, na mtu anaweza kuambiwa ana ugonjwa wa moyo ambao hana.

Wanamwambia aweke mikono kiunoni na kusukuma viwiko mbele. Si kumcheka, ni ili mifupa ya mabega itoke juu ya mapafu. Wanamwambia: "Vuta pumzi, zuia!" Hapo ndipo picha nyingi zinapoharibika. Mapafu yasipojaa hewa, sehemu ya chini inafanana na pafu lenye ugonjwa. Munganga anaweza kujua kama ulivuta vizuri: anahesabu mbavu za nyuma zilizo juu ya mpaka wa tumbo, na katika picha nzuri ya mtu mkubwa zinafika karibu kumi. Basi mkiwa nyumbani mzoeze mtoto mchezo huu: vuta, zuia, hesabu mpaka tano, achilia. Mtoto anayejua mchezo hapigwi radio mara mbili.

Na mtoto mdogo asiyeelewa? Analia. Mama anaona haya, anadhani mtoto anaharibu kazi. Fundi mzuri anakitumia kilio hicho: mtoto akilia sana mpaka pumzi inakwisha, lazima avute pumzi nyingi kwa mara moja, na hapo hapo fundi anabonyeza. Kibaya si kulia, ni kujinyonganyonga. Kwa hiyo mtu wa familia anaombwa kumshika. Amshike imara, avae ile nguo nzito yenye risasi, na mikono yake isiingie ndani ya mwanga unaoonyesha mahali mionzi itapita. Mwenye mimba asimshike. Amtume baba, shangazi, hata jirani. Mfanyakazi wa hospitali naye si wa kushika watoto wa watu kila siku, kwa sababu ile ya hesabu tuliyosema.

Sasa nguo na nywele, na hapa tuongee kati yetu wanawake. Kila kilicho kizito juu ya mwili kinaacha kivuli chake. Vifungo vya shaba, zipu, ndoano za sutiye, mkufu, sarafu na funguo mfukoni, hirizi kiunoni, msalaba shingoni. Vitu hivyo wengi wanavijua. Wasichokijua ni nywele. Mishono minene ya meshi ikianguka juu ya mabega inaacha mistari juu ya ncha za mapafu, na ncha hizo ndipo munganga anapotafuta kwanza kifua kikuu cha watu wakubwa. Shanga za nywele za wasichana wetu zinaonekana kama mawe ndani ya shingo. Zifungeni juu ya kichwa kabla ya kuingia. Yule mama aliyelipa mara mbili, tulipomuuliza mavazi ya siku ile, alikuwa amevaa kitambaa chenye mapambo ya kung'aa kifuani. Hakuna aliyemwambia akivue. Hiyo haikuwa kosa lake, na kwa maoni yetu hakupaswa kulipa tena. Aliyeweka mgonjwa mbele ya mashine ndiye anayepaswa kutazama.

Tufike kwenye picha. Wengi wanaishika kwenye dirisha na kuogopa weusi. Weusi si ugonjwa. Pale ambapo mionzi mingi ilipita, filamu inakuwa nyeusi, kwa hiyo hewa ni nyeusi, mafuta ni ya kijivu cheusi, nyama na maji ni vya kijivu cheupe, mfupa ni mweupe, na chuma ni cheupe kuliko vyote. Mapafu yenye afya ni meusi kwa sababu yamejaa hewa. Kinachomshtua munganga ni weupe mahali palipopaswa kuwa peusi: maji, usaha, kovu, au, kwa wanaume wetu waliochimba miaka mingi bila kufunika pua, madoa ya vumbi la mawe, ugonjwa unaoitwa silikosi.

Filamu ya zamani ina chembe za fedha, ile fedha ya mapambo, zilizochanganywa na bromu. Mionzi inazigusa, lakini hakuna kinachoonekana mpaka filamu ipitishwe katika chumba cha giza chenye taa nyekundu, iogeshwe katika dawa ya kuidhihirisha, kisha katika dawa ya kuishikilia, kisha maji, kisha ianikwe. Dawa ikichakaa au ikiwa ya baridi mno, picha inatoka mbovu hata kama fundi alipiga vizuri. Leo vyumba vingi vinatumia bamba linalosomwa na kompyuta, na unapewa karatasi au sidi. Kwa kompyuta, picha iliyopigwa kwa mionzi mingi kupita kiasi inaweza kuonekana nzuri tu, kwa hiyo fundi mvivu anaweza kuzidisha kipimo bila mtu kujua. Kwenye filamu, weusi ungemshtaki.

Kabla ya kutoka, tazameni mambo matatu: jina la mgonjwa, tarehe, na ile herufi ndogo ya pembeni, D au G, yaani kuume au kushoto. Isipokuwepo, mwambieni fundi kwa heshima. Na kwa mfupa uliovunjika wanapiga picha mbili, ya mbele na ya ubavu. Si kuwaibia feza. Fimbo iliyopinda ukiitazama upande mmoja inaonekana imenyooka.

Ule ubavu unaokoa pia watoto wanaomeza vitu. Betri ndogo za mviringo, zile za vitu vya kuchezea na saa, zinafanana na sarafu. Kwenye radio, betri mara nyingi inaonyesha duara mbili, moja ndani ya nyingine, na kwa ubavu ina ngazi kidogo, sarafu haina. Sarafu inaweza kungojewa, munganga akiona inafaa. Betri iliyokwama kwenye koo inaanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Hapo msimpe mafuta wala bukari ya kusukuma. Kimbieni hospitali, hata ikiwa usiku.

Kuhusu mimba. Kabla ya radio, mwambieni fundi kama mna mimba au kama mwezi umechelewa, hata asipouliza, hata mama mkwe akiwa amesimama hapo na hamtaki ajue; ombeni aongee nanyi pembeni. Radio ya tumbo au ya kiuno inaweza kungojea au kubadilishwa na ekografi. Radio ya mkono, ya jino au ya kifua haielekei kwenye tumbo, na munganga akiona ni ya lazima inaweza kufanywa. Na kama ulipita radio bila kujua kwamba una mimba, usiondoe mimba kwa woga, na usisikilize anayekushauri hivyo. Rudi kwa munganga na karatasi yako. Kipimo cha radio ya kawaida ni kidogo sana kwa kumharibu mtoto. Mtakuta mahali pengine hawaweki tena risasi juu ya tumbo la mgonjwa mwenyewe. Katika nchi kadhaa wameiacha, kwa sababu inaweza kuficha sehemu inayotafutwa au kuifanya mashine iongeze kipimo yenyewe. Msidhani wamewadharau.

Yule mtoto wa miaka minne alipelekwa mwishoni. Watoto wa umri huo hawajui kutema makohozi ya kupima, na ndiyo sababu picha ya kifua inamsaidia munganga sana kwao, ingawa picha peke yake haitoshi kusema ni kifua kikuu. Wanapima na vitu vingine na kuuliza nani anakohoa nyumbani. Aliyekuwa akikohoa nyumbani alikuwa nyanya yake. Wote wawili wameanza dawa, ambazo katika nchi yetu zinatolewa bure. Yale majuma matatu ya karatasi ndani ya pochi, nyanya alilala na wajukuu wengine wawili katika chumba kimoja, na hao nao wanafuatiliwa sasa.

Tulipoeleza haya katika mkutano, msichana mmoja wa kalasi ya mwisho alisema anataka kusomea kazi hiyo. Mama yake akasema ni kazi ya wanaume, tena inaharibu tumbo la uzazi. Tukamsimulia habari za Marie Curie, mwalimu kama sisi: tangu mwaka 1900 alifundisha fizikia katika shule ya walimu wasichana pale Sèvres, Ufaransa. Vita vya 1914 vilipoanza, aliweka mashine za radio ndani ya magari, mota ya gari ikizungusha dinamo kutoa umeme pale ambapo hakuna, akaenda nazo karibu na mapigano ili wapasuaji waone risasi ziko wapi ndani ya askari. Binti yake Irène, aliyekuwa na miaka 16 vita vilipoanza, alifanya kazi hiyo pamoja naye. Walifundisha wanawake karibu 150 kuendesha mashine hizo. Marie alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu, baada ya miaka mingi ya kushika radiumu kwa mikono na kupiga radio bila kinga. Irène alizaa watoto wawili. Leo fundi anavaa kipimo kidogo kifuani kinachohesabu mionzi aliyopokea, na fundi mwenye mimba anapaswa kusema mapema ili apangiwe kazi nyingine. Mama yule ajue hivyo, halafu yeye na binti waende pamoja kwenye ofisi ya ISTM hapa Lubumbashi kuuliza masharti ya kuingia. Binti ashike hesabu na fizikia tangu sasa. Bila hizo mlango ni mgumu.

Neno juu ya picha za zamani. Tumeona nyumba moja ambapo radio ya mapafu imezibishwa dirisha lililovunjika, na nyingine imekatwa kuwa kipimo cha kola. Zitunzeni. Ziwekwe ndani ya bahasha yake, zisimame, mbali na jua, mvua na mbabula. Mwaka ujao munganga akiona doa kwenye pafu, swali lake la kwanza litakuwa kama doa hilo lilikuwepo mwaka jana, na jibu liko ndani ya bahasha ile.